Subaru Outback iliyotumika: sifa zake na mambo ya kukagua

Kwa familia inayopita barabara za udongo za nyanda za juu za Kenya wakati wa masika, naipendekeza Subaru Outback ya kizazi kilichoanza mwaka 2014. Magurudumu yote manne huvuta wakati wote, tumbo la gari liko juu ya ardhi kwa takriban sentimita 20, na bado halilali upande kwenye kona kama magari marefu ya aina ya jipu. Buti yake ni kubwa kwelikweli.

Injini yake ya lita 2.5, iitwayo FB25, hutumia mnyororo wa taimingi (unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni), ilhali EJ25 iliyoitangulia ilitumia mkanda ambao ukikatika valvu hugonga pistoni, tena ilijulikana sana kwa kuvujisha gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Anayenunua Outback ya zamani yenye EJ25 akague maji ya rejeta injini ikiwa baridi: yakipungua bila kuvuja nje, au yakiwa na mafuta, aachane nayo.

Jambo linalopuuzwa mno ni tairi. Zote nne ziwe za saizi moja na zilizolika sawa, kwa sababu tofauti ya mzingo hulazimisha klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kuteleza bila kupumzika hadi iungue. Gari likishikashika unapokata kona kali polepole, anza kwa kulinganisha tairi, kisha kagua oili ya giaboksi, kabla ya kumruhusu fundi kufungua chochote.