Plagi za injini iliyotyuniwa: anza na joto, iridiamu baadaye

Niaje wadau, karibuni tena. Mezani hapa nina plagi za aina tatu, NGK BKR7E, hii ni ya kawaida ya nikeli ambayo wengi wanaiita kopa, halafu BKR7EIX ambayo ni iridiamu, yaani ncha yake ni ya metali ya iridiamu, na Denso IK22 nayo iridiamu. Zote zinaingia kwenye injini yangu ya lita mbili yenye tabo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na zote nimezitembelea, kwa hiyo leo nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Kabla sijaendelea nitoe jambo moja kifuani. Hakuna plagi hapa itakayokuongezea nguvu. Plagi kazi yake iwashe kila mara inapotakiwa na isiyeyuke, basi. Watu wananiuliza iridiamu au kopa, iridiamu au kopa, kila siku, na mi nawaambia hilo ni swali la mwisho, la kwanza ni joto la plagi, la pili ni gepu, ile nafasi kwenye ncha ambayo cheche inaruka, ukikosea hayo mawili hata ukiweka plagi ya bei gani utapasua injini.

Sasa joto la plagi ni nini. Plagi haitengenezi joto, joto linatoka kwenye moto wa ndani ya silinda, plagi inatakiwa ilitoe pale kwenye ncha ilipeleke kwenye hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Angalieni hapa ndani, ile kauri nyeupe inayozunguka ncha, ikiwa ndefu joto linachelewa kutoka, hiyo ni plagi ya moto, ikiwa fupi joto linatoka haraka, hiyo ni plagi ya baridi. Ncha ikikaa chini ya nyuzi joto 450 za Selsiasi hivi haijisafishi, inashika masizi na gari inaanza kumisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka, ikipita nyuzi 800 na kitu inaanza kuwaka kama kaa la moto, yaani inachoma mchanganyiko kabla spaki, ile cheche, haijatoka, pistoni bado inapanda huku moto unaisukuma ishuke. Hapo ndo pistoni zinatoboka jamani, na haichukui dakika nyingi.

Kwa hiyo ukiongeza busti, yaani presha ya hewa ya tabo, ukipandisha kompresheni, yaani hewa ishindiliwe zaidi, ukitia naitrasi, ile gesi ya kuongeza nguvu, unaenda plagi ya baridi zaidi. Kanuni ambayo hata NGK wenyewe wanaitoa ni hatua moja kwa kila hosipawa 75 hadi 100 ulizoongeza. Hatua ni ile namba ndani ya jina la plagi, kama 7 kwenye BKR7E. Injini yangu ilikuwa inatumia namba 6 ikiwa ya kiwandani, sasa inatumia 7, na nimeishia hapo kwa sababu hii gari naiendesha kila siku, kwenye foleni, asubuhi injini ikiwa baridi. Kuna mtu ameweka filta ya hewa na sailensa tu halafu ananunua namba 9 kwa sababu ameona gari ya mashindano inatumia 9, ndugu yangu hiyo plagi itajaa masizi wiki ya kwanza. Gari ya mashindano haikai foleni.

Na hapa kuna mtego, tulieni kidogo. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Denso vilevile, ila namba zao ni nyingine, 20 yao ni kama 6 ya NGK, 22 ni kama 7, 24 ni kama 8. Lakini Bosch ni kinyume kabisa, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi! Ukiondoka NGK ukaenda Bosch ukachagua namba kubwa ukidhani umeenda kwenye baridi, umejichimbia shimo. Usikisie, tafuta jedwali la kulinganisha ndo ununue.

Tuje kwenye gepu, hapa ndo nilipoumia mwenyewe. Nilipandisha busti, gari ikawa nzuri chini, ikifika juu kwenye mizunguko mingi inakata, tatatata, kama kuna mtu anazima na kuwasha swichi. Fundi mmoja akaniambia koili, zile zinazopeleka umeme mkali kwenye plagi, zimekufa, nikanunua koili nne mpya nzima nzima, nikafunga, ikawa vilevile. Kumbe plagi zilikuwa na gepu la milimita 1.1, mwisho wa namba yake imeandikwa -11, ipo pale kwenye boksi na mimi sikuisoma. Iko hivi, hewa ikishindiliwa zaidi ndani ya silinda umeme unapata shida zaidi kuruka, na gepu likiwa pana shida inazidi, koili ina kikomo chake, ikishindwa spaki haitoki, silinda inapitisha petroli mbichi. Nikabana hadi 0.7, tatizo likaisha siku hiyohiyo. Injini nyingi za tabo zilizoongezwa busti zinakaa kati ya 0.6 na 0.8, anza na pana kidogo, ikimisi busti ikiwa juu bana kidogokidogo. Usibane kupita kiasi, spaki ikiwa fupi mno sailensi, yaani ule mngurumo wa chini bila kukanyaga mafuta, inakuwa mbovu, gari inatetemeka ikiwa imesimama.

Mkibana iridiamu tumieni geji ya waya, na pindeni ule mkono wa nje tu, msiegemee ncha ya katikati hata kidogo maana inavunjika.

Haya, sasa ndo tuongelee iridiamu. Nikeli ncha yake ni nene, milimita 2.5, IX, yaani ile BKR7EIX, ni 0.6, Denso hii ni 0.4, tazameni ilivyo kama sindano. Ncha nyembamba inahitaji umeme mdogo kuruka, na iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi 2446 wakati nikeli ni 1455, ndo maana inadumu. Kwenye kuendesha mi sijahisi tofauti ya nguvu kati ya hizi tatu, nasema kweli. Denso inawaka vizuri sana asubuhi. Ila kwa injini yenye busti naiamini zaidi 0.6 kuliko 0.4, hayo ni maoni yangu. Na kama bado unatyuni, ramani, yaani mipangilio ya petroli na spaki kwenye kompyuta ya gari, haijakaa sawa, tumia za nikeli, unazitoa, unazisoma, unazitupa bila kuumia roho. Ramani ikitulia weka IX.

Kuzisoma sasa. Kauri ikiwa kahawia hafifu uko sawa, nyeusi kavu petroli ni nyingi au plagi ni baridi mno, nyeupe pepe kama chaki joto limezidi au petroli ni chache. Ukiona vidoti vidogo vinavyong'aa juu ya kauri, zima gari, usiiwashe tena, hiyo ni alumini ya pistoni yako.

Kufunga, injini iwe baridi, anza kwa mkono mpaka ikae, halafu toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, nyuzi hizi za skrubu za milimita 14 kwenye hedi ya alumini ni Nm 25 hadi 30. Msipake grisi kwenye nyuzi, inateleza unakaza kupita kipimo bila kujua. Na kwa NGK chagueni yenye herufi R, ina rizista ndani, bila hiyo kelele za umeme zinaisumbua kompyuta ya gari.

Mi nazirudisha IX zangu sasa hivi, gepu 0.7, halafu jioni nikitoka kuikanyaga nazitoa tena niwaonyeshe rangi yake.