Nyumba ya Henry Gerber, Chicago: nenda, ila usibishe hodi

Mimi hutembeza wageni Arusha mjini, na kituo ninachokipenda kuliko vyote ni Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni. Jengo lenyewe dogo, lakini Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana humo ikapitisha Azimio lenyewe. Kwa hiyo nilipokwenda kumsalimia dada yangu Chicago, nilimwomba anipeleke kwanza kwenye nyumba alimokaa Henry Gerber, mtetezi wa mwanzo wa haki za wapenzi wa jinsia moja Marekani, maghorofa baadaye.

Tulishuka kituo cha Sedgwick, tukatembea kidogo hadi Crilly Court, kimtaa kifupi tulivu. Namba 1710 ni nyumba ya matofali ya mwaka 1885, imeshikana ukuta na jirani zake. Hakuna tiketi wala mlinzi. Watu wanaishi humo. Unasimama njiani, unatazama ngazi na madirisha, basi. Dada akacheka: "Mdogo wangu, umetoka Ngarenaro mpaka huku kuja kutazama mlango wa watu?"

Ndiyo, dada. Gerber alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani, mfanyakazi wa posta, mpangaji wa chumba tu humo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alitumwa Koblenz na jeshi la Marekani, akawaona Wajerumani wapenzi wa jinsia moja wana vyama na magazeti yao. Mwaka 1924 akasajili Society for Human Rights, chama cha kwanza kinachojulikana cha kutetea haki zao Marekani. Rais wake alikuwa mhubiri mweusi, John T. Graves. Gazeti lao lilitoka matoleo mawili tu. Mwaka 1925 polisi walimkamata usiku wa manane, bila hati ya mahakama, wakabeba taipureta na shajara zake. Kesi ilifutwa, lakini akiba ilikuwa imeishia mahakamani na posta wakamfukuza kazi. Taipureta alirudishiwa. Shajara, hapana.

Tatizo ni kwamba hayo yote niliyasoma kabla. Ukienda kichwa kitupu utaona matofali tu, wakati Kaloleni mgeni ana picha za kutazama na mtu wa kumuuliza. Kwa nyumba iliyopewa hadhi ya alama ya kihistoria ya taifa mwaka 2015, ya pili ya historia ya wapenzi wa jinsia moja baada ya Stonewall Inn, baa ya New York, nilitaka zaidi.

Nyota tatu. Ukiwa na muda, pitia pia Gerber/Hart, maktaba ya historia hii, kaskazini mwa jiji. Pale mlango unafunguliwa.