Uzoefu wangu wa kushonesha kilti ya kuchezea dansa za Uskoti

Maduka mengi ya mtandaoni yanayouza mavazi ya Kikelti (ya watu wa Uskoti, Ireland, Bretagne na jamaa zao) huweka kwenye ukurasa mmoja kilti za Uskoti, yaani vazi la marinda la wanaume linalozungushwa kiunoni kama sketi, magauni ya dansa ya Ireland na kofia za lezi za Bretagne huko Ufaransa, kana kwamba vyote ni vya watu wamoja na huvaliwa katika shughuli moja. Kwa sababu hiyo, nilipoamua kupata vazi langu mwenyewe baada ya kujiunga na kikundi cha dansa hapa Glasgow, nilimuuliza kwanza mwalimu wa dansa na wala si muuzaji. Alinieleza kwamba dansa ndiyo inayochagua vazi. Mshindani wa dansa ya Ireland huvaa gauni gumu lenye mapambo mengi, na mara nyingi wigi ya nywele za mawimbi. Mshindani wa dansa ya Nyanda za Juu za Uskoti huvaa kilti nyepesi, kizibao au koti la mahameli na soksi ndefu za tartani, yaani mchoro wa mistari ya rangi inayokatizana kuwa miraba. Nasi tunaocheza zile dansa za ukumbini zinazosimamiwa na Royal Scottish Country Dance Society, chama kilichoanzishwa papa hapa Glasgow mwaka 1923, wanaume huvaa kilti na shati, na wanawake, katika hafla rasmi, huvaa gauni jeupe pamoja na mtandio mwembamba wa tartani uliobanwa begani kwa bruchi, yaani pini ya mapambo.

Nilichagua karakana ndogo inayoshona kwa mkono na nikaagiza kilti ya yadi 8, ya sufu yenye uzito wa aunsi 16 kwa yadi. Mimi ni mtu wa Tanga, na mwanamume aliyekulia kwenye kikoi hahitaji kushawishiwa kwamba nguo isiyo na miguu ni vazi la heshima. Kilichonishangaza ni mahali inapofungwa. Kilti hukaa juu ya mifupa ya nyonga, karibu na kitovu, hushikwa kwa mikanda ya ngozi yenye bizimu, na huishia katikati ya goti, kwa hiyo kipimo cha kiuno cha suruali hakimsaidii fundi hata kidogo. Fundi alinipima kiuno, nyonga na urefu, na siku ya kujaribu akaniambia nipige magoti ili ahakikishe kwamba ukingo wa chini hauburuti sakafuni. Muuzaji anayeomba ukubwa wa suruali pekee ni wa kuepukwa.

Sifa kubwa ya kilti hii iko kwenye marinda. Sehemu ya mbele haina marinda, ni vipande viwili vipana vinavyopandana, na karibu kitambaa chote kilichobaki hukunjwa nyuma. Marinda hayo hushonwa kutoka kiunoni hadi nyongani, kisha huachwa huru, na chini hakuna upindo, kwa kuwa fundi hutumia ukingo uliofumwa wa kitambaa chenyewe ili marinda yasiwe mazito. Nilitakiwa kuchagua kati ya njia mbili za kukunja. Ya kwanza huendeleza mchoro wa tartani nyuma kama ulivyo mbele, hata mtu wa mbali hadhani kwamba kitambaa kimekunjwa. Ya pili, inayopendwa na vikosi vya jeshi, huweka mstari uleule katikati ya kila rinda, hivyo nyuma huonekana mistari iliyosimama wima na rangi nyingine hujificha ndani. Nilichukua ya pili, na sijutii, maana katika dansa yenye mizunguko mingi kama Strip the Willow marinda hufunguka, rangi zilizofichika zikatokea, na mchezaji anaposimama uzito wa sufu huyarudisha yote mahali pake. Kilti za akriliki za bei nafuu, nilizozitazama kwa wenzangu, huinuka kirahisi na hurudi zimevurugika. Hata hivyo, uzito huo una gharama yake: kilti yangu inakaribia kilo 2, na ukumbi ukijaa watu jasho ni la uhakika.

Kuhusu tartani, nduguzo wa nyumbani watakuuliza kama unaruhusiwa kuvaa bila kuwa na ukoo wa Kiskoti. Hakuna sheria inayokataza. Marufuku pekee iliyopata kutajwa sana ni ile ya mwaka 1746, Bunge la Uingereza lilipowazuia wanaume wa Nyanda za Juu wasivae mavazi hayo baada ya uasi wa Wajakobi, waliotaka kuurudisha ukoo wa kifalme wa Stuart, nayo iliondolewa mwaka 1782. Heshima iliyopo leo ilikuzwa sana na ziara ya Mfalme George IV mjini Edinburgh mwaka 1822, ambapo yeye mwenyewe alivaa kilti. Zipo tartani za miji na wilaya, na zipo zinazovaliwa na yeyote. Mimi nilichagua Black Watch, tartani yenye jina la kikosi cha jeshi cha Uskoti, ya buluu, kijani na nyeusi, ambayo haionyeshi madoa upesi.

Upande wa viatu sikuridhika. Viatu vya kuchezea ni vya ngozi laini, havina kisigino, na hufungwa kwa kamba, na duka nililonunua lilinishauri nichukue namba yangu ya kawaida, ingawa ngozi ile hutanuka na viatu hivyo vinapaswa kubana vikiwa vipya. Vililegea haraka, na duka likakataa kubadilisha. Mkoba wa mbele, unaoitwa sporani, ni mzuri, lakini katika dansa ya wawili usogeze pembeni usije ukamgonga mwenzako.

Anayehudhuria harusi moja tu akodi, kwani kilti ya kushonwa kwa mkono hugharimu mamia ya pauni na huhitaji kutunzwa: kuning'inizwa, kusafishwa bila maji na kukingwa na nondo. Kwa anayecheza kila wiki, fedha hiyo inastahili. Lawama yangu kwa karakana ni kuchelewa, kwani kazi ilikamilika baada ya tarehe tuliyokubaliana, msimu wa mikusanyiko ya kiangazi ya michezo na dansa za Uskoti ukiwa umeshaanza. Anayetaka kuvaa yake kwenye mikusanyiko ya Julai na Agosti, ukiwemo ule wa Cowal mjini Dunoon mwishoni mwa Agosti, aagize tangu majira ya baridi.