Access kwa hesabu za dagaa: ile tarehe ya chini ya ripoti

Ninatunza hesabu za mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mzigo unatoka Ukerewe, Kome na visiwa vingine, na kumbukumbu zote ziko kwenye Microsoft Access, programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali na kuzitolea ripoti.

Sifa kwanza, maana ni fupi. Haihitaji intaneti ili ufanye kazi, faili moja linabeba kila kitu, na ripoti inatengenezwa kwa kubofya mara chache. Kwa ofisi yenye kompyuta moja, inatosha.

Pa kuwa macho ni kwenye tarehe. Ukitengeneza ripoti kwa njia ile ya kuongozwa hatua kwa hatua, chini ya ukurasa inawekwa =Now(). Hiyo ni saa ya kufungua au kuprinti ripoti. Data inaweza kuwa ya wiki iliyopita na karatasi ikasoma leo, saa hii hii. Bosi wangu aliishika, akaitazama, akauliza: "Mwanangu, hii tarehe ni ya karatasi au ya mzigo?" Sijaulizwa swali zuri zaidi kuhusu kompyuta. Kwenye dagaa siku tatu ni nyingi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa; mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, bei inapanda, na wewe unasoma stoo ya juzi ukidhani ni ya leo.

Dawa ipo. Kwenye jedwali la Mapokezi niliongeza sehemu inayoitwa Ilibadilishwa, kisha kwenye tukio la Before Change (kabla tu rekodi haijahifadhiwa) nikaweka makro, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe, inayoijaza Now() kila rekodi inapoingizwa au kurekebishwa. Makro za aina hii zilikuja na Access 2010. Wengi huiweka Now() kama thamani ya awali ya sehemu hiyo wakaishia hapo. Inagonga muhuri rekodi mpya tu, ukirudi kusahihisha kilo haisogei. Wengine huiweka kwenye fomu, na mtu akifungua jedwali lenyewe anaipita pembeni. Muhuri ukishakaa vizuri, kwenye ripoti unaandika =DMax("Ilibadilishwa","Mapokezi").

Lakini tarehe moja kwa ripoti nzima bado inadanganya, na hili naona watu hawalisemi. DMax inachukua iliyo mpya kuliko zote. Kome wakituma leo asubuhi, ripoti yote inaonekana mbichi, hata kama Ukerewe wako kimya tangu Jumatatu kwa sababu mtandao unasumbua. Kwa hiyo ripoti yetu imepangwa kwa mialo, yaani sehemu za ufukweni mzigo unakoshushwa, na kila mwalo una =Max([Ilibadilishwa]) yake kwenye kichwa cha kundi. Zikipita siku mbili, tarehe inageuka nyekundu. Bosi siku hizi anaanza na nyekundu, anapiga simu kisiwani, ndipo anasoma kilo.

Rekodi ikifutwa, muhuri wake unaondoka nao, na tarehe ya ripoti inaweza hata kurudi nyuma. Sisi hatufuti, tunatia alama kwamba imebatilishwa. Halafu Now() inasoma saa ya kompyuta, kwa hiyo betri ya ndani ikifa na saa ikaharibika, mihuri nayo imeharibika. Kumbuka pia kwamba muhuri huu ni wa kuandikwa, si wa mizani. Tarehe ya kupima ina sehemu yake, na ripoti inaonyesha zote mbili.

Ningeipendekeza kwa stoo yenye kompyuta ya Windows, bila wasiwasi. Kama unataka makarani waingize wenyewe kwa simu wakiwa mwaloni, tafuta kitu kingine, Access haiendi kwenye simu. Wa kwetu wanapiga picha daftari na kutuma kwa WhatsApp, mimi naingiza, kisha bosi nampelekea PDF.