TAHADHARI: Yule jamaa wa pedali ya gita "CE-2 ya Japani" hapa Kisumu anauza boksi tupu

Nimekaa na hili jambo siku tisa bila kusema. Leo naandika kwa sababu jana usiku mtu wa Kakamega alinitumia picha akiniuliza, "Hii bei iko sawa?" Nikaangalia picha, nikaona zulia la kijani na mguu wa meza uliofungwa waya. Hiyo meza naijua. Kumbe jamaa bado anauza. Basi wacha niaibike mbele ya kila mtu, bora asipate mwingine.

Nililipa shilingi 14,500 kwa pedali ya korasi (kiboksi cha kukanyaga kinachofanya gita moja isikike kama mbili) ambayo haina korasi. Si kwamba imeharibika. Haina.

Najua mtakachosema. Mimi ndiye huwa nawaambia watu wafungue, wapime, waulize. Mimi ndiye niliyemcheka mpiga besi wa bendi yetu. Mpiga besi, najua unasoma, na ulishacheka vya kutosha Jumamosi.

Mnaonijua mnajua nimeitafuta CE-2 muda mrefu. Kwa wengine: ni pedali ya Boss iliyotoka 1979, kiboksi cha bluu iliyopauka chenye nobu mbili tu, RATE na DEPTH, na tundu moja la kuingiza waya na moja la kutoa. Inachukua sauti ya gita, inaichelewesha kidogo sana ndani ya chipu inayoitwa MN3007, inaiyumbisha, halafu inairudisha ichanganyike na ile ya kwanza. Unasikia kama gita mbili zinapiga noti moja huku zikisukumana bega. Ukipenda rumba ya Kongo ya miaka ya 1980, zile gita zinazong'aa kama bati jipya juani, unajua kwa nini mtu anaweza kuitafuta miaka mitatu.

Bendi yetu haijawahi kukubaliana kuhusu hili. Kijana wa ngoma anataka distoshen, ile sauti ya gita ya kukwaruza, kila mahali, hata kwa nyimbo za matanga. Mpiga besi anasema benga, muziki wa gita wa Wajaluo, haitaki pedali yoyote, gita ya benga inafuata mdomo wa mwimbaji na vidole vya mpiga nyatiti, na nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, ina nyuzi nane na haina betri. Sina la kumjibu hapo. Lakini sisi tunapiga harusi, na harusini kuna ile saa ya rumba, wazee wameshiba, mama wa bwana harusi amevua viatu, na hapo gita kavu ni kama chai bila sukari. Nilitaka sukari. Ndiyo hiyo imenileta hapa.

Jamaa nilimpata kwa simu kupitia mtu ambaye pia alimpata kwa mtu. Akanielekeza chumba cha kupanga upande wa Manyatta, si mbali na Kondele, saa kumi jioni. Sikwenda kama mjinga. Nilibeba gita yangu, waya wangu na betri mpya ya volti tisa kwa mfuko wa shati. Nilijiona fundi.

Alinifungulia mlango akiwa amevaa fulana ya kwaya. Mrefu, sauti nzito ya pole, anakuita "ndugu" kama aliyekulea. Ndani kulikuwa na kitanda, hilo zulia la kijani, meza ya mguu mbovu, na juu ya meza ampu ndogo nyeusi, ile spika ya kukuza sauti ya gita. Kwa ukuta gita yenye stika ya Gor Mahia. Alinipa kiti. Hakutaja pedali. Tuliongea muziki dakika ishirini nzima, na wacha niseme ukweli, yule mtu anajua muziki. Alijua gita ya solo inavyomjibu mwimbaji kwa benga, alijua pale nyimbo inapoachiwa gita peke yake watu wakaruka. Aliniimbia mstari wa D.O. Misiani, yule gwiji wa benga, kwa Kijaluo bila kukosea, na ncha za vidole vya mkono wake wa kushoto zilikuwa ngumu kama za mtu anayepiga kila siku. Nyinyi mngemshuku vipi mtu wa hivyo? Mwizi wa kuku hajifunzi kwanza kuwika.

Halafu nikauliza pedali iko wapi. Akanyamaza kidogo, akaniangalia, akasema: "Ndugu, kabla sijakuonyesha, nipigie kitu. Hii nimekaa nayo miaka mingi. Sitaki iende kwa mtu wa kuiweka kabatini."

Hapo ndipo nilipoliwa. Si kwa pedali, hapo. Mtu anauza kitu chake na badala ya mimi kumpima yeye, ananipima mimi. Nikachomoa gita nikapiga kwa bidii kuliko nilivyopiga harusi yoyote. Nilipomaliza alitikisa kichwa, macho ameyafumba, akasema, "Wewe ndiye." Wewe ndiye! Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, nikahisi masikio yamepata moto kwa furaha.

Ndiyo akaitoa chini ya kitanda, imefungwa kwa kitambaa cha kanisani. Bluu yenyewe. Rangi imekwaruzika pembeni vizuri kabisa, vile kitu cha zamani kinavyokwaruzika. Chini kumeandikwa MADE IN JAPAN. Nikafungua ile skrubu kubwa ya kidole ya mbele, nikainua kifuniko, nikaweka betri yangu mwenyewe. Nikachomeka waya. Nikakanyaga. Taa nyekundu ikawaka.

"Simama pale mlangoni," akasema. "Korasi husikika vizuri ukiwa mbali kidogo. Wacha nikupigie."

Nikaenda mlangoni. Akapiga kavu kwanza. Kisha akakanyaga pedali, na hapo hapo akaweka mkono juu ya ampu, "napunguza kidogo, huyu jirani ni mlokole." Sauti ikafunguka. Mungu wangu. Ilikuwa yenyewe. Akazima, mkono kwa ampu. Akawasha, mkono kwa ampu. Mara nne. Kila mara jirani. Na mimi pale mlangoni nikawaza tu, huyu ni mtu wa heshima, anawajali majirani.

Nikaomba nipige mwenyewe. Hakukataa! Alinipisha, lakini yeye akabaki pale kando ya ampu, ameegemea kiwiko, kama mtu aliyechoka. Nikapiga na ile sauti ilikuwa pale. Nikazungusha RATE. Akaniambia, "Polepole ndugu, hizo ni za zamani." Nikazungusha polepole. Na hapa ndipo aibu yenyewe ilipo: naapa nilisikia ikibadilika. Nilisikia mawimbi yakienda haraka. Nilimwambia, "Umesikia hapo?" Akasema, "Nimesikia."

Hakukuwa na kitu cha kubadilika. Korasi ilikuwa ya ampu. Ampu nyingi ndogo siku hizi zina korasi ndani, unaiwasha kwa nobu moja, na kidole chake kilikuwa kwenye hiyo nobu wakati wote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii historia naijua. Roland, kampuni ya Japani, walitoa ampu yao ya JC-120 mwaka wa 1975 ikiwa na korasi ndani, mwaka uliofuata Boss, ambao ni watu wa Roland hao hao, wakatoa hiyo korasi kwa boksi la mguu, CE-1, na CE-2 ni mdogo wake. Yaani korasi ilizaliwa ndani ya ampu. Nimewaeleza watu hiyo hadithi mara ngapi? Na nikasimama mbele ya ampu bila kuiangalia hata mara moja. Macho yalikuwa kwa kile kitaa chekundu.

Alianza 18,000, akashuka hadi 14,500 kwa sababu "wewe ni mwanamuziki." Nikatuma kwa M-Pesa. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. "Ni mama watoto, laini yangu ina shida." Sawa ndugu. Nikapanda boda mpaka Migosi nimekumbatia boksi kifuani kama mtoto anayetoka kliniki.

Nyumbani nikachomeka. Taa, iko. Sauti, kavu. Nikabadilisha waya. Kavu. Betri nyingine. Kavu. Nikalaumu stima, nikalaumu ampu yangu, nikalaumu soketi, nikatoka na kila kitu mpaka sebuleni. Mke wangu alikuwa anachambua mboga za osuga. Akasikiliza nikiwasha na kuzima mara sita hivi, kisha akauliza, taratibu tu, "Kwa hivyo umenunua taa?"

Hata hivyo sikuamini. Nilijiambia ni masikio yamechoka. Nililala na hilo jibu siku tatu, wanaume tuko na shida. Jumamosi nikaipeleka mazoezini, na mpiga besi akashika DEPTH akaizungusha. Ikaenda. Ikaenda. Ikapita pale inapopaswa kugota, ikazunguka mzunguko mzima, ikarudi ilikotoka. Akaizungusha tena kwa kidole kimoja kama gurudumu la gari la mtoto, akiniangalia usoni, hasemi kitu. Kijana wa ngoma ndiye alileta bisibisi.

Tulitoa zile skrubu nne za chini. Ndani: waya mmoja mwekundu kutoka tundu la kuingiza moja kwa moja hadi tundu la kutoa. Betri imeunganishwa na swichi na kitaa, basi. Nobu zimegandishwa juu ya vipande vya kalamu ya biro. Ubao wa saketi hakuna, MN3007 hakuna, chipu ya aina yoyote hakuna. Na katikati, ili boksi liwe na uzito, nati mbili za gurudumu la gari zimebandikwa kwa gundi nyeusi. Ganda ni la kweli, nadhani alilipata kwa pedali iliyokufa. Ile MADE IN JAPAN ilikuwa karatasi iliyopakwa varnishi. Nilikuwa nimeshika nati za gari kifuani kutoka Manyatta mpaka Migosi.

Nimempigia. Siku ya kwanza alishika, akasema, "Ndugu, labda umeikanyaga vibaya." Siku ya pili simu imezimwa. Nimerudi kwa kile chumba, mama wa jirani anasema huyo alihama na zulia lake. Na huyo mama si mlokole. Nilimuuliza. Anasema yeye hupenda muziki.

Polisi nimeandikisha OB, kile kitabu chao cha matukio. Afisa aliniuliza kama pedali ni ya baiskeli au ya cherehani, tukaelewana baadaye.

Mnaouliza mtu ataijuaje: zungusha nobu, ya kweli inagota pande zote mbili. Angalia skrubu za chini, zangu vichwa vilikuwa vimechubuliwa na bisibisi na mimi nikaona ni uzee. Kufungua mahali pa betri hakukuonyeshi kitu, saketi iko nyuma ya ile bati ya chini. Jina la M-Pesa. Na beba ampu yako, au mwambie mkutane mahali penye ampu isiyo yake. Akikataa, nenda nyumbani. Kuna mengine lakini kichwa bado kina moto.

Huyu mtu hafai kuachwa tu hivi! Sitaki apigwe, nisieleweke vibaya, hakuna mtu amguse, nataka afikishwe mahakamani. Lakini kabla ya mahakama ningependa atembezwe Oginga Odinga Street kutoka juu mpaka chini na hiyo pedali shingoni, akipiga korasi kwa mdomo, na kila duka analopita aseme "Wewe ndiye." Kisha Kibuye siku ya Jumapili soko likijaa, arudie. Arudishe 14,500 yangu, na nauli, na ile betri, ilikuwa mpya. Yule mtu wa Kakamega aliambiwa 16,000, kwa hivyo ameona kazi inalipa na amepandisha bei. Mwenye chumba aliyempangisha huko aliko sasa, mtu mrefu, sauti ya pole, zulia la kijani, gita yenye stika: wewe piga ripoti. Mwenye kutaka namba aliyotumia aniulize pembeni, nitampa ampelekee polisi, si vingine.

Na wewe mwenyewe, najua unafuatilia watu wa gita, hii utaiona. Niliacha piki yangu ya kupigia gita juu ya ampu yako, ile nyekundu iliyoisha upande mmoja. Hiyo pia irudi.