Uzoefu wangu na kibao cha kuzalisha mifuatano nasibu bandia

Kibao hiki, yaani bodi ya elektroniki inayotoa mfuatano wa 0 na 1 unaoonekana wa kubahatisha ingawa hufuata kanuni, nilikinunua kwa shilingi 6,500 katika duka moja la elektroniki kwenye barabara ya Luthuli, hapa Nairobi, nikitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu jinsi ishara inavyotandazwa juu ya masafa mapana kwa mfuatano kama huo. Kina rejista mbili (safu ambamo tarakimu husogea hatua moja kila mpigo wa saa) zenye hatua 10 kila moja, pamoja na swichi za kuchagua hatua zitakazojumlishwa, 1+1 ikihesabiwa 0, na kurudishwa mwanzoni.

Siku ya kwanza ilinivunja moyo. Kijitabu cha maelekezo kinaagiza hatua ya 5 na ya 10 ziunganishwe, kisha kinaahidi mfuatano wa chipu 1,023, yaani tarakimu 1,023 za 0 na 1 kabla ya kujirudia. Niliijaza rejista ya kwanza tarakimu 1 katika hatua zote, nikatazama osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme), nikaona mstari umekaa juu kwa chipu kumi, ukashuka kwa tano, ukapanda tena kwa kumi, vivyo hivyo bila kubadilika. Huo ni mfuatano wa chipu 15 tu, na mwanafunzi anayeamini kijitabu angeujengea mtambo mzima. Nilipozima swichi ya 5 na kuwasha ya 3, mfuatano ulitimia chipu 1,023, moja zikiwa 512 na sifuri 511, sawasawa na hesabu. Kibao chenyewe basi hakina kosa. Kitufe cha kujaza moja nacho nimekipenda, kwa sababu rejista ikianza na sifuri tupu hubaki sifuri daima.

Rejista ya pili ndiyo iliyonifanya nisikirudishe dukani. Niliirudishia hatua za 2, 3, 6, 8, 9 na 10, nikajumlisha hatua zake za 2 na 6 pamoja na tokeo la rejista ya kwanza, na chipu kumi za mwanzo zikatoka 1100100000, ambazo ndizo za msimbo wa kwanza wa GPS, mfumo wa setilaiti wa kutambua mahali. Misimbo hiyo ni ya jamii aliyoieleza Robert Gold mwaka 1967: ukilinganisha miwili tofauti, ukahesabu chipu zinazofanana na kutoa zisizofanana, jibu huwa -65, -1 au 63 peke yake, ilhali msimbo ukikutana na nafsi yake hutoa 1,023. Ndiyo maana setilaiti nyingi hutumia masafa yaleyale ya 1575.42 MHz na simu ikazitambua moja moja.

Saa ya ndani ya kibao, inayotoa mipigo ya kusogeza tarakimu, haifiki 1.023 MHz inayohitajika kwa misimbo hiyo ya GPS. Niliazima jenereta ya mawimbi ya maabara. Anayenunua aulize kama kuna tundu la saa ya nje, na jedwali la swichi alihakiki kwa kuhesabu chipu mwenyewe.