Kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame: tathmini ya huduma na kiongozi wake

Kampuni ya Moshi iliyotupandisha Kilimanjaro inajitangaza kwa ubora wa mahema na mapishi, na kwa kweli mahema hayakuvuja na mtori uliletwa ukiwa wa moto. Lakini kinachostahili kulipiwa katika huduma hiyo ni kiongozi wake mkuu.

Kila asubuhi na jioni alipita hema kwa hema, akatubana kipima oksijeni kidoleni, akaandika tarakimu daftarini, kisha akauliza maswali yaliyoonekana ya kawaida: umelalaje, umekunywa maji kiasi gani, chakula kimepanda? Macho yake yalikuwa zaidi kwenye sahani kuliko kwenye kifaa, kwa sababu mtu anaweza kukana kwamba kichwa kinamuuma, dalili ya ugonjwa wa mwinuko, ila sahani iliyorudi na chakula humuumbua. Siku ya kupita Lava Tower, mwamba ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 4,600, alitueleza kwa utulivu kwa nini tungeshuka tena kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000, ili mwili uzoee hewa nyepesi pasipo kuelemewa. Tulipofika kambi ya Barafu, mwenzetu mmoja alianza kuyumba. Ili kuona kama ugonjwa huo umemzidi, kiongozi alimtaka atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, na aliposhindwa akamteremsha saa ileile pamoja na msaidizi, ingawa mwenzetu alisihi sana akikumbusha fedha alizolipa.

Kwa wapagazi pia alikuwa makini: alisimamia mizani getini hadi kila mzigo ukawa ndani ya kilo 20 zinazoruhusiwa.

Upungufu wake ni katika elimu ya mazingira. Nilipouliza kuhusu ile mimea mirefu yenye shina nene na kichwa cha majani pale Barranco, alijibu kwamba ni miti ya huku tu. Jibu hilo halitoshi katika mlima ambao Chuo cha Mweka, miteremkoni mwake, kimefundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Aidha, wageni walipewa maelezo marefu kwa Kiingereza huku sisi tukipewa muhtasari, kana kwamba Mtanzania huzaliwa akiujua mlima.

Suala la bahashishi lilitajwa jioni ya mwisho, ilhali lilipaswa kuwamo kwenye mkataba. Ningerudi kwao, ila kabla ya kulipa ningetaka kujua ni kiongozi yupi atakayenipeleka na kuiona leseni yake, kwa kuwa sisi tulimfahamu wetu usiku wa kuamkia safari.